Shule ya Chini na Shule ya Juu

Serikali yetu ina adabu sana. Mtoto akifaulu kidato cha nne, mzazi anaruhusiwa kuchagua shule ya kidato cha tano. Mnakaa, mnashauriana, mnagombana, mnaingiza machaguo kwenye mfumo, halafu serikali nayo inakaa na kuchagua yenyewe. Unaweza kuomba shule ambayo moshi wa jiko lake unauona ukiwa shambani kwako, na mtoto akapangiwa mkoa unaousikia tu kwenye utabiri wa hali ya hewa. Lakini umeulizwa. Mimi ni nani nikatae kuulizwa.

Binti yetu alifaulu, tena kwa ukaidi. Shule yake ya kata sitaitaja, maana bado nina watoto wawili wa kupitia pale. Mwalimu wao wa fizikia alikuwa wa kujitolea. Alijitolea mwaka mmoja na kitu, akapata ajira ya kweli, akaondoka na begi lake, na simlaumu. Kuanzia hapo mwalimu wa fizikia alikuwa binti yangu mwenyewe na vitabu viwili vilivyong'oka majalada. Alisomea jikoni kwangu, huku ugali unaungua, mpaka akatoka na B. Majirani wakasema ana bahati. Eti bahati.

Matokeo yalipotoka alituambia neno moja tu, mimi na baba yake, tukiwa tumekaa tunachambua maharage. Alisema anataka kusoma PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, ili baadaye awe mhandisi wa umeme, na anataka safari hii awe na mwalimu. Hakuomba bweni lenye vigae wala hakuomba kukaa karibu na mjini. Mwalimu tu. Tukamwambia, mwanangu, hilo tuachie sisi, baba yako na mimi tutakwenda kuziona shule kwa macho yetu.

Zilikuwepo mbili za kutufaa, zote za serikali, zote za bweni, zote kwenye karatasi zina PCM kwa wasichana. Moja iko upande wetu wa Hanang, karibu na lami, jengo jipya. Tuliiita shule ya chini. Nyingine iko upande wa Mbulu, kule juu kupita Dongobesh, shule ya zamani ambayo baba watoto alisoma hadi kidato cha nne. Hiyo ikawa shule ya juu. Mimi nilikuwa wa chini, yeye wa juu, na ndoa yetu ikahamia huko kwa mwezi mzima.

Hoja zake zilikuwa nzito. "Sisi tulisoma pale," alisema. Hoja ya pili: walikuwa wanaamka saa kumi alfajiri na kuoga maji ya baridi. Hoja ya tatu sijawahi kuisikia, kwa sababu baada ya ile ya maji ya baridi huwa anatazama mbali na kunyamaza kama mtu aliyepigana vita. Nilimwambia, baba watoto, maji ya baridi hata hapa tunayo, mtoto anaweza kuyaogea nyumbani. Hakucheka.

Zangu zilikuwa hoja za mtu mwenye akili, nilivyojiona. Shule mpya, barabara nzuri, mtoto akiugua nafika nusu siku haijaisha. Nilizitoa kwa sauti ya juu na kwa mpangilio, asubuhi na jioni. Hoja yangu ya kweli sikuitoa, nitaisema baadaye.

Tulianza na ya chini. Tulivaa kama tunakwenda kanisani, binti katikati yetu, mimi nimebeba maharage kilo nne, maana huwezi kwenda kwa watu mikono mitupu. Mkuu wa shule alikuwa mama mdogo kwetu kwa umri, amependeza, ana kiti cha kuzunguka. Tulipoingia tu akasimama, akainama kidogo, akasema, "Shikamooni wazazi wangu."

Hapo ndipo tulipoisha. Mkuu mzima wa shule amekuamkia, ukaitikia marahaba kwa raha zako zote, sasa utamwulizaje maswali kama polisi? Tena kwetu mambo hayaendi hivyo. Mgeni hasemi kilichomleta. Unaanza na mvua, unakwenda kwenye mahindi, unapita kwa mifugo, unaulizia wazee na watoto, na kama mwenyeji ni mtu mwenye heshima zake atakisema mwenyewe kile ulichokifuata. Kumwuliza mtu aliyekupa chai kama ana mwalimu wa fizikia ni sawa na kumwuliza mama mwenye nyumba kama sukari ipo. Umemvua nguo.

Basi tukaongea mvua. Mvua iliongeleka vizuri sana siku ile. Tukaongea viwavi wa mahindi, madam akatueleza dawa aliyotumia kwenye shamba lake, baba watoto akaomba jina la dawa akaliandika kiganjani. Binti alikuwa ameambiwa akae nje kwenye benchi, maana watoto hawakai kwenye mazungumzo ya wakubwa, hasa mazungumzo yanayowahusu.

Baadaye madam akatutembeza. Baba watoto anakagua shule anavyokagua ng'ombe mnadani. Alizunguka bweni mara mbili, akapiga nguzo teke la kiasi, akainama kutazama msingi, akafunua sufuria ya makande na kunusa. Nilingoja afungue mdomo wa mpishi ahesabu meno. Mimi nilikagua vyoo, ghala la mahindi na mashuka yaliyoanikwa. Vyote vilikuwa safi. Maabara ilikuwa imefungwa kwa kufuli kubwa linalong'aa, tukachungulia dirishani, tukaona viti virefu bado vimevaa nailoni zake. Nikasema, "Jamani, hapa kuna utunzaji." Nilisema hivyo mimi, kwa mdomo wangu, na madam akanishukuru.

Njiani kurudi nilikuwa mshindi. Baba watoto alikiri kwamba msingi ni imara. Nikamwambia, umeona? Akasema ameona, lakini lazima twende na juu, haki itendeke. Haki ni jambo zuri, nikasema, twende tukaitende.

Wiki iliyofuata tukapanda basi Endasak, tukashuka Dareda, tukapanda jingine hadi Dongobesh, tukamalizia na bodaboda mbili kwenye tope la mwezi wa nne. Ukungu ulikuwa umelala shuleni huko juu mpaka nikadhani tumepotea. Mkuu wa shule tulimkuta amevaa gambuti, anasimamia wanafunzi wanaochimba mtaro wa maji. Mabati ya bweni yalikuwa ya rangi tatu. Vyoo sitaki kuvizungumzia. Maabara ilikuwa zamani stoo ya majembe, na harufu ya majembe ilikuwa bado haijapewa uhamisho.

Baba watoto alikuwa mbinguni. Alishika ukuta wa bweni lake la zamani akautazama kama picha ya marehemu mama yake. Akatuonyesha alipokuwa anasimama kuoga. Mkuu akatukaribisha chai ya maziwa na mahindi ya kuchemsha, na alipogundua kwamba mgeni wake alisoma pale, mambo yakaharibika kabisa: waliongea walimu waliokufa, wakaongea walimu waliostaafu, wakaongea fahali mmoja wa shule ambaye kumbe alikuwa maarufu wilaya nzima. Saa mbili. Mimi nilikunywa chai na kukunja uso. Binti alikuwa nje kwenye ukungu, tulishamweka kwenye benchi lake.

Tulishuka Dareda kungoja basi la kurudi, tumelowa. Nikaanza. Nilimwambia baba watoto kwamba siwezi kumpeleka mwanangu akalale chini ya mabati ya rangi tatu kwa sababu yeye alipenda fahali. Akasema mimi nimenunuliwa na vigae. Nikamwuliza vigae gani. Akasema vile vya ofisini, alikuwa ananiona nilivyokuwa navipapasa kwa kiatu. Watu wawili waliokuwa wanangoja basi walihama kidogo ili wasikie vizuri zaidi.

Binti alikuwa anakula hindi la kuchoma. Alimaliza, akafuta mikono, akasema taratibu, "Mama, kule chini niliomba wasichana wa kidato cha tano wanionyeshe madaftari ya fizikia."

Tukamgeukia wote wawili.

"Tarehe ya mwisho ni ya mwezi wa tisa. Mwalimu alihama, wanangoja mwingine. Maabara hawajawahi kuingia."

"Na juu?" akauliza baba yake.

"Juu ni ya jana. Yule dada aliyenipa daftari alipata tatu juu ya kumi, limejaa kalamu nyekundu. Anasema mwalimu anawarudisha darasani jioni mpaka waelewe. Anamchukia sana."

Alisema hivyo huku macho yanamng'aa, akimwonea wivu mtu aliyepata tatu juu ya kumi. Sisi wazazi, watu wazima na akili zetu, tulikwenda shule mbili, tukanywa chai mbili, tukajua dawa ya viwavi na ukoo wa fahali, na kitu kimoja tulichotumwa hatukukiuliza. Nilisikia aibu mpaka masikioni. Na kwa kuwa sijui kukaa na aibu, nikamgombeza. Nikamwuliza kwa nini hakusema toka wiki iliyopita.

"Mlikuwa mmeshaipenda," akasema.

Ungedhani yakaisha hapo. Mtu mwenye busara angesema basi, ni juu, tujaze. Mimi niliendelea kubishana siku nne nzima, nikijua kabisa nimeshindwa. Nilileta habari za kifua chake, ambacho hakijawahi kuugua. Nilisema mwalimu wa chini anaweza kuletwa wakati wowote, serikali haiwezi kuacha maabara nzuri namna ile. Nilisema hata yule wa juu anaweza kuhama, walimu si miti. Baba watoto, ambaye kwa mara ya kwanza tangu anioe alikuwa na hoja, alikosa hata raha ya kushinda. Aliniangalia tu akasema, "Mama watoto, una nini?"

Nina nini. Nilikuwa na hiki: ni binti yangu wa pekee, na wale wengine wawili ni wavulana ambao ukiwauliza kitu wanajibu kwa mabega. Kwa miaka minne nimepika na mtu amekaa pembeni yangu ananisomea kwa sauti mambo ya nguvu na mwendo, mimi nikiitikia ehee, ehee, kama vile naelewa. Shule ya chini ningeweza kufika hata kwa kisingizio cha kupeleka sabuni. Hiyo ndiyo hoja niliyokuwa nayo toka mwanzo. Vigae, lami, utunzaji, vyote vilikuwa nguo za kuifunika. Sikutaka aende juu kwa sababu nilijua huko atapata alichokitaka.

Siku ya kujaza machaguo ilipofika nilikwenda Katesh peke yangu. Baba watoto alikuwa na mgeni, binti alikuwa shambani anapalilia, na namba yake ya mtihani na nywila vilikuwa kwenye karatasi ndani ya pochi yangu. Angalia jinsi watu wanavyokuamini. Tulikuwa tumekubaliana juu, au tuseme wao walikubaliana nami nikanyamaza.

Kuna mzee wa steshenari pale, mfanyabiashara, mtu wa swala tano, ambaye nadhani amewajazia fomu nusu ya watoto wa wilaya. Nikamwamkia, nikakaa. Akafungua mfumo, akaingiza namba, akauliza bila kugeuka, "Chaguo la kwanza?"

Nikamtajia shule ya chini.

Nilisema bila kigugumizi. Sikuteleza ulimi, asikudanganye mtu, nilikusudia. Nilishapanga hata maneno ya kusema nyumbani: mfumo umekataa, mfumo umeniletea hiyo, si mnajua mifumo. Yeye akaandika. Jina likatokea kwenye kioo, zuri, kubwa.

"Anataka kusoma nini, mama?"

"PCM. Fizikia ndiyo anayoipenda."

"Mwalimu wa fizikia wanaye?"

Aliuliza hivyo hivyo, kama mtu anayeuliza bei ya daftari. Hakuanza na mvua, wala ng'ombe zangu hakuwaulizia. Mtu hanijui, hamjui mwanangu, amekaa nyuma ya kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufumwa, na ameuliza kwa sekunde moja swali ambalo mama mzazi na baba mzazi walilibeba wilaya mbili wakalirudisha nyumbani zima. Nilitaka kumkasirikia. Nilitafuta kwa nini nimkasirikie, sikupata.

"Hawana," nikasema.

Hilo neno nilikuwa sijalitamka hata mara moja tangu Dareda. Nilikuwa nimesema wataletewa, nimesema huenda, nimesema tusihukumu. Mzee akaondoa mkono kwenye kibonyezo, akauweka mapajani, akangoja. Hakunihubiria. Watu watatu walikuwa nyuma yangu kwenye foleni na karatasi zao, nao wakangoja. Nililia kidogo pale, si sana, kama mtu aliyeingiwa na vumbi, na mmoja wa wale wa foleni akasema pole mama, akidhani mtoto wangu amefeli.

Nikamwambia mzee afute, aandike ya juu. Akafuta, akaandika, akanigeuzia kioo nisome mwenyewe. Nikasoma. Nikamwambia abonyeze haraka kabla sijawa mtu mbaya tena. Akabonyeza.

Na serikali, ambayo nimeisema vibaya hapo mwanzo na sifuti hata neno moja, kwa mara moja ikamsikiliza mtoto. Alipangiwa juu. Mwezi wa saba tukampeleka na sanduku, godoro, ndoo mbili na blanketi zito nililolinunua kwa hasira. Baba yake alimwonyesha tena mahali pa kuogea. Mimi nilitandika kitanda chake mara tatu, mara zote kikiwa kimetandikwa, mpaka matroni akaniambia kwa heshima kwamba basi la Dareda haliningoji.

Simu hawaruhusiwi kuwa nazo. Jumapili ya nne ndipo matroni akatupigia kwa simu yake, akasema kila mtoto ana dakika tano. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maswali yangu kwa mpangilio: kifua, chakula, baridi, blanketi, wasichana wa bweni, kama analia usiku. Baba watoto alikaa pembeni, ameniambia nisipoteze muda kwa salamu.

"Shikamoo mama. Mama, leo nimekupigia nikuambie, juzi tumefunga saketi wenyewe."

Nikasema marahaba, nikafungua mdomo niulize kifua. Hakunipa nafasi. Waligawanywa wanne wanne, mita ya kupimia umeme ni moja kwa darasa zima, inabidi uifikie kwa zamu. Yeye alipofika kwake namba hazikulingana na za kitabu. Mwalimu akakataa kumsaidia, akamwambia rudia. Akarudia. Akamwambia rudia tena. Mara ya tatu akaona kosa lake liko wapi, na mama, kosa halikuwa kwenye mahesabu, lilikuwa kwenye waya, waya ulikuwa umelegea kwa ndani, ukiutazama kwa nje ni mzima kabisa, unaelewa mama? Nikasema ehee. Akaendelea. Sauti ilikuwa yake, lakini mwendo wake siujui, ulikuwa mwepesi, unacheka katikati, unatumia maneno ambayo hayakuwahi kupita jikoni kwangu. Nilisema ehee tena. Nikasema ehee kwa dakika tano nzima.

"Mama, zamu ya mwenzangu. Msalimie baba."

Ikakatika. Hakuuliza hali ya nyumbani. Hakusema ametukumbuka. Wala mimi sikupata kuuliza hata swali moja.

"Anasemaje?" baba yake akauliza.

"Anasema harudi."

Akashtuka. "Hata likizo?"

"Likizo atakuja," nikamwambia.